Turbini ya gazi juu ya Mwezi: umeme pasipo hewa wala maji



Tangu mwaka 2025 radio na magazeti yanatangaza ya kwamba wakubwa wa Marekani wanataka kusimamisha juu ya Mwezi mashini ya kutoa umeme, na ya kwamba Urusi na China wana shauri namna ile ile. Watu wanatuuliza maneno hayo. Wengine wanacheka, wanasema ni hadisi za watoto. Wengine wanaogopa, wanasema wataalamu wanakwenda kuchoma Mwezi. Tena wengine wanaona uchungu: «Kule kusiko na mutu wanapeleka taa, nasi tunasoma kwa mwanga wa kibatari!» Mutu anayefundisha wengine hawezi kuwajibu: «Hayo ni mambo ya wazungu.» Inafaa ajue shauri lenyewe, apate kutenga neno la kweli na neno la uwongo.

Basi tutaeleza mambo matano: kwanza, sababu gani umeme ni lazima kule, pili, turbini ya gazi ni kitu gani, tatu, namna gani inaweza kuzunguka pahali pasipo hewa, ine, moto wake na baridi yake vinatoka wapi, tano, hatari na haki katika kazi hiyo.

I. USIKU WA SIKU KUMI NA INE

Hapa duniani usiku unapita kwa saa 12 tu. Juu ya Mwezi sivyo. Mwezi unajizungusha polepole sana: tangu jua kuchomoza pahali pamoja hata kuchomoza tena, zinapita siku zetu 29 na nusu. Kwa hiyo muchana wake unadumu karibu siku 14 na zaidi kidogo, na usiku wake vilevile. Katikati ya Mwezi, muchana udongo unapata moto wa digre 120, kupita maji yanayochemka. Usiku unashuka chini ya sufuri kwa digre 130 na zaidi. Hakuna hewa ya kutuliza moto ule wala blanketi ya mawingu ya kuzuia baridi ile.

Watu wakikaa kule, umeme ndio uzima wao. Umeme unasafisha hewa wanayovuta, unayeyusha maji, unapasha nyumba joto, unaendesha radio ya kusema na sisi. Ukikatika katika usiku ule mrefu, hakuna jirani wa kukimbilia.

Mutu atasema: «Watumie pano za jua, na batri kwa usiku.» Neno hilo ni jema, lakini tulipime kwa hesabu. Tuseme nyumba yao inataka kilowati 40, ni kama nguvu za motere ya gari ndogo. Usiku una saa 354. Kilowati 40 mara saa 354 ni kilowati-saa kupita 14,000. Kilo moja ya batri nzuri za siku hizi inashika karibu wati-saa 200. Basi wanahitaji tani 70 za batri. Chombo kilichowashusha watu wa kwanza juu ya Mwezi mwaka 1969 kilikuwa na uzito wa tani 15 tu, pamoja na mafuta yake. Munaona wenyewe ugumu.

Kweli, karibu na ncha ya kusini ya Mwezi kuna vilele vya milima vinavyopata jua siku nyingi sana za mwaka, na hapo pano za jua zinafaa. Lakini kitu kinachotafutwa kule ni barafu, na barafu iko ndani ya mashimo makubwa ambamo jua haliingii kamwe. Mwaka 2009 Wamarekani walitupa kipande cha roketi katika shimo moja linaloitwa Cabeus, wakaona maji katika vumbi lililoruka. Anayetaka maji yale atafanya kazi gizani.

Na sayari Marsi je? Iko mbali zaidi na jua, inapata mwanga usiofika nusu ya ule tunaoupata sisi. Tena ina dhoruba za vumbi. Mwaka 2018 dhoruba moja ilifunika gari la utafiti Opportunity, ambalo lilikuwa limetembea kule tangu 2004. Pano zake zilikosa mwanga, likanyamaza. Mwaka 2022 chombo kingine, InSight, kilikufa vilevile polepole, vumbi likiwa limejaa juu ya pano zake. Mashini ikifa ni hasara. Kama ndani ya nyumba wangalikuwa watu, ingalikuwa ni maziko.

Kwa sababu hiyo wenye maarifa wanatafuta umeme usiotegemea jua.

II. TURBINI NI KITU GANI?

Neno hili si geni kwetu. Katika Katanga, kwa maporomoko ya Mwadingusha juu ya muto Lufira, maji yanazungusha turbini tangu mwaka 1930. Maji yanaanguka, yanasukuma gurudumu lenye mapanga, gurudumu linazungusha dinamo kubwa, na dinamo inatoa umeme. Dinamo ya kinga ya mukatekista ni ndugu mudogo wa ile: gurudumu likizunguka taa inawaka, likisimama taa inazimika.

Lakini gurudumu halitaki maji tu. Linataka kitu chochote kinachosukuma kwa nguvu: maji, muvuke, upepo, ao gazi yenye moto. Turbini ya gazi ni gurudumu linalosukumwa na gazi yenye moto mukali.

Ina sehemu tatu, na sehemu hizo zinafuatana. Ya kwanza ni gurudumu la kukaza: linavuta hewa na kuikandamiza, kama vile mivukuto ya muhunzi inavyovuta hewa na kuisukuma katika tundu. Ya pili ni jiko: hewa iliyokazwa inapashwa moto, inataka kupanuka kwa nguvu. Ya tatu ni turbini yenyewe: gazi inapanuka, inapita katikati ya mapanga yake na kuyasukuma. Turbini na gurudumu la kukaza vimeshikana juu ya muti mumoja wa chuma. Kwa hiyo turbini inazungusha kwanza kile kinachoilisha.

Hapo mwanafilozofia atasimama na kuuliza: «Kama turbini ndiyo inayokaza hewa, na hewa iliyokazwa ndiyo inayozungusha turbini, si ni mutu anayejiinua kwa kuvuta nyele zake mwenyewe?» Swali hilo ni la haki. Jibu liko katika jiko. Kukaza gazi ya baridi kunataka kazi kidogo, maana gazi ya baridi inachukua nafasi ndogo. Gazi ile ile ikipata moto inachukua nafasi kubwa, na ikipanuka inarudisha kazi nyingi kupita ile iliyotumika. Tofauti hiyo ndiyo mapato yetu. Si mapato mengi: mara nyingi zaidi ya nusu ya nguvu za turbini zinaliwa na gurudumu la kukaza. Inayobaki inakwenda kwa dinamo. Moto ukipungua, mapato yanakwisha na mashini inasimama.

Ndiyo maana wazo lilitangulia mbali, na kazi ilichelewa. Mwingereza John Barber aliandikisha wazo la turbini ya gazi mwaka 1791, lakini wakati ule hapakuwa na chuma cha kuvumilia moto ule, wala gurudumu la kukaza vizuri. Mwaka 1903 tu ndipo Ægidius Elling, wa inchi ya Norwei, alipata turbini iliyotoa nguvu kupita zile ilizozila. Mwaka 1939 katika muji wa Neuchâtel, Uswisi, turbini ya gazi ya kilowati 4,000 ilianza kutumika kwa umeme wa muji. Leo ndege kubwa zinazopita juu ya vijiji vyetu zinabebwa na mashini ya namna hiyo. Wataalamu wanaita muzunguko huo kwa jina la Brayton, Mwamerika aliyefanya motere ya namna hiyo katika miaka ya 1870, ingawa yake ilikuwa ya pistoni.

III. GAZI ISIYOTOKA INJE

Sasa tuone ugumu mukubwa. Turbini ya ndege inavuta hewa mbele na kuitupa nyuma. Hewa hiyo inafanya kazi mbili: inasukuma, tena inawakisha mafuta. Juu ya Mwezi hakuna hewa ya kuvuta. Juu ya Marsi iko, lakini ni nyepesi sana, msukumo wake haufiki sehemu moja ya mia ya ule wa hewa yetu, na karibu yote ni gazi kaboniki, gazi inayozima moto. Turbini ya ndege ingelala pale kama gogo.

Dawa ya ugumu huo ilipatikana mapema, tena kwa sababu nyingine kabisa. Mwaka 1935 wataalamu wawili wa Zürich, Jakob Ackeret na Curt Keller, walileta wazo hili: tufunge gazi ndani ya mabomba, isitoke kamwe. Itazunguka daima: itakazwa, itapata moto, itasukuma turbini, itapozwa, itakazwa tena. Moto hautawaka ndani yake. Utawaka inje, na joto litapita katika ukuta wa bomba, kama joto la kuni linavyopita katika sufuria bila moshi kuingia katika ugali. Mwaka 1939 mashini yao ya kwanza, ya kilowati 2,000, ilifanya kazi katika kiwanda cha Escher Wyss.

Muzunguko uliofungwa hauulizi kama inje kuna hewa. Hauulizi pia joto linatoka kwa kuni, kwa jua ao kwa atomu. Ndiyo sababu mashini iliyofikiriwa kwa viwanda vya Uswisi inafaa kwa Mwezi.

Na kwa kuwa gazi imefungwa, tunaweza kuichagua. Wataalamu walichagua muchanganyiko wa gazi mbili, heliyumu na zenoni. Heliyumu ni nyepesi na inachukua joto mbio sana, lakini wepesi wake unataka magurudumu mengi ya kuikaza. Zenoni ni nzito, inafaa kwa magurudumu madogo, lakini haichukui joto vizuri. Zikichanganywa, kila moja inasaidia upungufu wa nyingine. Tena zote mbili ni gazi zisizoungana na kitu: haziozeshi chuma, haziwaki, wala hazibadiliki kwa miaka mingi.

Sehemu nyingine ya lazima ni chombo cha kurudisha joto. Gazi inayotoka kwa turbini ingali na moto mwingi. Kuutupa ni kama kumwaga mafuta ya taa. Kwa hiyo inapitishwa kando ya gazi ya baridi inayotoka kwa gurudumu la kukaza, ukuta mwembamba ukizitenga. Moja inatoa joto, nyingine inapokea kabla ya kufika kwa jiko. Hivi jiko linapata kazi ndogo zaidi.

Na nani atatia mafuta ya kulainisha kule? Hakuna. Muti wa chuma wenye turbini, gurudumu la kukaza na dinamo haugusi kitu ukizunguka: unaelea juu ya utando mwembamba sana wa gazi ile ile. Katika miaka ya 1960 na 1970, katika nyumba ya utafiti ya NASA huko Cleveland, Marekani, walijenga mashini ya namna hiyo, yenye nguvu za karibu kilowati 10. Ilizunguka mara 36,000 kila dakika, nao waliijaribu kwa saa maelfu. Kisicho na msuguano hakiliki upesi. Hiyo ni sifa kubwa kwa mashini ambayo fundi wake yuko umbali wa kilometere 384,000.

IV. MOTO UNATOKA WAPI? BARIDI INATOKA WAPI?

Tuanze na moto. Wengine wanapendekeza kuchoma metani na oksijeni juu ya Marsi, kwa sababu zinaweza kufanyizwa kule kwa gazi kaboniki na maji. Ni kweli: toka mwaka 2021 mpaka 2023 chombo kidogo MOXIE, ndani ya gari la utafiti Perseverance, kilitoa jumla ya gramu 122 za oksijeni katika hewa ya Marsi. Lakini hapo tukumbuke neno la waalimu wetu: nemo dat quod non habet, hakuna atoaye asichokuwa nacho. Kutenga oksijeni kunakula umeme mwingi kupita ule utakaopatikana kwa kuichoma tena. Metani ile ni ghala, si shamba. Inafaa kuweka akiba ya siku mbaya na kurusha roketi ya kurudi, lakini haiwezi kulisha nyumba iliyoifanyiza.

Njia ya pili ni jua, si kwa pano, bali kwa kioo kikubwa kinachokusanya miali pahali pamoja na kupasha gazi moto. Katika miaka ya 1990, Cleveland pale pale, walijaribu turbini ya kilowati 2 ya namna hiyo ndani ya chumba kilichotolewa hewa yote. Walitia pia chumvi ya namna fulani inayoyeyuka kwa digre 767: muchana inayeyuka na kushika joto, gizani inaganda na kulitoa. Ni akili nzuri kwa chombo kinachozunguka dunia, ambacho giza lake halifiki saa moja. Kwa usiku wa siku 14 chumvi ingekuwa mulima.

Inabaki njia ya tatu, ndiyo uraniumu. Sisi Wakongo tunajua jina hili kwa furaha na kwa uchungu. Ardhi ya Shinkolobwe, katika Katanga, ilitoa sehemu kubwa ya uraniumu iliyotumika na Wamarekani kwa kutengeneza mabomu ya mwaka 1945. Na mwaka 1959, katika Universite ya Wakatoliki ya Lovanium, ambayo rekta wake alikuwa Monsinyori Luc Gillon, padri na mwanafizika, reaktere ya kwanza ya Afrika yote iliwashwa. Haikuwa bomu, wala haikutoa umeme: ilikuwa ya masomo na utafiti. Basi neno reaktere lisitutishe kama neno la uchawi. Ni jiko ambamo viini vya uraniumu vinapasuka polepole, kwa kipimo, na kutoa joto.

Nguvu yake inashangaza. Kilo moja ya uraniumu 235, ikipasuka yote, inatoa joto karibu sawa na tani 2,000 za petroli. Tuhesabu: tukitaka kilowati 100 za umeme, na mashini ikigeuza robo ya joto lake kuwa umeme, jiko litoe kilowati 400 za joto. Kwa miaka 10 hiyo ni karibu kilowati-saa milioni 35. Uraniumu itakayopasuka kwa kazi hiyo yote haifiki kilo mbili. Ni lazima kupakia nyingi zaidi, maana uraniumu kidogo haiwezi kushika moto wake. Lakini muzigo ule wote unaingia katika roketi moja.

Sasa tusikilize neno ambalo wengi wanasahau. Mashini ya joto haiishi kwa moto tu, inaishi kwa tofauti ya moto na baridi. Maji ya Mwadingusha yanafanya kazi kwa kuwa yana pa kuanguka. Joto nalo linataka pa kuanguka. Kati ya zile kilowati 400, 100 zinakuwa umeme. 300 zinabaki, na lazima zitupwe inje. Zisipotupwa, gazi haipoi, kuikaza kunakula mapato yote, na mashini inasimama.

Gari linatupa joto lake kwa radiatere, kwa msaada wa upepo. Juu ya Mwezi hakuna upepo. Wengi wanadhani kule joto linatoka upesi kwa sababu ya baridi. Wanakosa. Pasipo hewa, njia ya kutoka ni moja tu: kung'aa, kama makaa yanavyotupiga usoni hata tukiwa mbali. Na kung'aa huko kuna kanuni kali: tukihesabu toka baridi ya mwisho kabisa, digre 273 chini ya sufuri, joto la radiatere likizidishwa mara mbili, kung'aa kunazidi mara 16. Radiatere ya digre 127 inaweza kutupa kilowati 1 na nusu tu kwa kila metere muraba wa uso wake. Basi kilowati 300 zinataka uso wa metere muraba 210 ao karibu, kama sakafu ya kanisa lenye urefu wa metere 21 na upana wa 10. Ikiwa ya digre 227, metere muraba 85 zinatosha.

Mutu atasema: «Basi waipashe zaidi, ipate kuwa ndogo.» Lakini radiatere ikipata moto zaidi, tofauti kati ya moto na baridi inapungua, na umeme unapungua vilevile. Kupandisha jiko je? Jiko lina mpaka wake: katika mashini hizi gazi inafika kwa turbini na moto unaopita digre 800, na chuma cha kuvumilia zaidi kwa miaka mingi ni kigumu kupata. Hivi wataalamu wanashindana na pande mbili, wakitafuta katikati. Uzito wa radiatere, si wa turbini, ndio unaowanyima usingizi.

V. WAMEFIKA WAPI?

Tuseme kweli: mpaka sasa hakuna turbini ya gazi inayotoa umeme juu ya Mwezi wala juu ya Marsi. Marekani ilirusha reaktere moja tu kuzunguka dunia, SNAP-10A, mwaka 1965. Ilifanya kazi siku 43. Haikuwa na turbini: joto la kilowati 30 na zaidi lilitoa nusu ya kilowati ya umeme, kwa njia ya vyuma visivyozunguka. Kati ya 2003 na 2005 NASA ilichora chombo kikubwa cha kwenda kwa miezi ya sayari Jupiter, chenye reaktere na turbini ya heliyumu na zenoni. Feza zilikosekana, kazi ikaachwa. Mwaka 2018, katika jangwa la Nevada, walijaribu reaktere ndogo kwa saa 28, pamoja na motere za Stirling. Motere hiyo iliandikishwa mwaka 1816 na Robert Stirling, muchungaji wa Kiprotestanti wa Scotland. Kwa kilowati chache inashinda turbini. Lakini kilowati zikifika makumi na mamia, turbini inapata faida, kwa kuwa gurudumu moja likikuzwa kidogo linafanya kazi ya motere nyingi.

Mwaka 2022 NASA iliomba makundi matatu ya viwanda kuchora reaktere ya kilowati 40 kwa Mwezi. Mwaka 2025 amri mupya ilitoka: iwe ya kilowati 100, itumie muzunguko uliofungwa wa Brayton, na iwe tayari kurushwa karibu na mwaka 2030. Mwaka 2024 Urusi ilisema kama pamoja na China inafikiri kuweka reaktere juu ya Mwezi kati ya 2033 na 2035. Tarehe hizi ni nia tu. Mwenye kuhubiri asizitangaze kama mambo yaliyokwisha kutimia.

VI. HATARI NA HAKI

Wanaoogopa hawakosi sababu. Tarehe 24 januari 1978 sateliti ya Sovieti, Kosmos 954, ilianguka juu ya Kanada pamoja na reaktere yake, ikatawanya uchafu wa atomu katika theluji. Kwa hiyo mwaka 1992 Umoja wa Mataifa ulitoa kanuni. Iliyo kubwa ndiyo hii: reaktere isiwashwe kabla ya kufika mbali na dunia. Uraniumu ambayo haijawashwa ina sumu kidogo tu. Moto wa jiko ndio unaofanya majivu ya kuua. Kule nako reaktere itawekwa mbali na nyumba, ao itazikwa katika udongo wa Mwezi, maana udongo mwingi unazuia miali ile. Lakini neno moja lingali linataka jibu wazi: ikizimika baada ya miaka 10, majivu yake yatabaki na ukali muda mrefu, na wale watakaokuja nyuma watayakuta.

Neno la haki ni zito zaidi. Mapatano ya mwaka 1967 yanasema ya kwamba hakuna taifa linaloweza kujitwalia Mwezi. Lakini kando ya reaktere lazima kuwe na eneo ambalo watu wasikaribie, kwa usalama wao. Na pahali penye barafu na jua pamoja ni pachache. Anayetangulia kusimamisha jiko lake pale anaweza kusema: «Siimiliki inchi hii, ninawakataza tu kukaribia.» Amri ya Marekani ya 2025 yenyewe ilitaja hofu ya kwamba wengine watafanya hivi. Ni hofu ya kila mumoja juu ya mwenzake. Nasi watu wa Kongo tunajua namna mpaka unavyochorwa na wale waliokuja kwanza na mashini. Mwaka 2022 Rwanda na Nigeria zilitia mukono, za kwanza katika Afrika, katika mapatano ya Artemis, yanayogusa neno hilo la maeneo ya usalama. Waafrika wasomao sheria wana kazi hapo, si waroketi peke yao.

Na yule anayelalamika kwa kibatari chake? Tusimucheke, wala tusimudanganye. Si kweli kwamba taa yake imepelekwa Mwezini. Huko Inga, maji ya muto wetu yanaweza kutoa kilowati milioni 40. Mashini za Inga ya kwanza na ya pili, za mwaka 1972 na 1982, zilijengwa kwa kilowati milioni 1 na laki 7 na zaidi. Tofauti hiyo haitokani na upungufu wa akili ya turbini, maana turbini ya maji ni rahisi kuliko ile tuliyoieleza. Inatokana na feza, uangalizi, uaminifu na amani. Uchungu wake ni wa haki. Tumuonyeshe tu mulango wa kweli wa kuupeleka.

Basi mukatekista akiulizwa, aweze kujibu kwa maneno mafupi: Usiku wa Mwezi ni mrefu, na batri ni nzito. Turbini ya gazi iliyofungwa haihitaji hewa ya inje. Inataka moto upande mumoja na baridi upande mwingine. Moto utatoka kwa uraniumu, na baridi kwa radiatere kubwa kama kanisa. Haitachoma Mwezi, maana joto lake kando ya lile la jua ni kidogo kabisa. Lakini nani ataiwasha, nani atalinda majivu yake, na nani atazuiliwa kukaribia: hayo si maswali ya mafundi peke yao. Ni yetu sote, na wakati wa kuyauliza ni sasa, jiko likiwa bado halijawashwa.